Hodi Tatu za Babu Zablon

Frida alipotoka shuleni, kabla ya kuvua viatu, kabla hata ya kufunua sufuria kuona kama amebakiziwa chochote, alikwenda kwanza kumsalimia babu yake. Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba yao pale mtaani Nkuhungu, Dodoma, na mama yake hakuwa na mchezo nayo.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mke wangu. Leo mwalimu amekufundisha kupika, au bado?"

"Amenifundisha kuchagua mume mwenye meno."

Babu Zablon alicheka mpaka magongo yake yakaanguka. Ndivyo walivyoishi wawili hao, utani asubuhi, utani jioni.

Babu hakuwa mtu wa mjini. Alikuwa mkulima na mfugaji, mtu wa uwele na mbuzi. Aliletwa Dodoma kwa binti yake, yaani mama yake Frida, baada ya kuanguka na kuvunjika nyonga. Madaktari walimfanyia upasuaji, wakamkataza safari ndefu. Basi akawa mtu wa kiti cha kamba barazani, kofia ya sufu kichwani, maana upepo wa Julai hapa kwetu hauna adabu. Unakupiga baridi huku unakujaza vumbi machoni.

Jambo moja la Babu liliwachekesha wote. Mzee huyu hakuingia popote bila hodi. Hata chumba anacholala mwenyewe, kama kulikuwa na mtu ndani anafagia, Babu alisimama nje na magongo yake. "Hodi," anasema, kisha anangoja. "Hodi," anasema tena, anangoja. "Hodi." Asipojibiwa hodi ya tatu, aligeuka akaenda zake, hata kama mlango uko wazi na mvua inanyesha. Aliamini kwamba hodi ya kwanza ni ya kujulisha, ya pili ni kwa sababu huenda hawakusikia, na baada ya ya tatu mtu mwenye heshima anarudi alikotoka.

"Babu, si ungeingia tu? Hapa ni kwako," Frida alimwambia siku moja.

"Kwangu ni kwangu nikishakaribishwa," Babu akajibu. Hapo mjadala ukaisha.

Kaka yake Frida, Sila, alikuwa akisoma mambo ya kompyuta chuoni, hapohapo Dodoma. Mwaka huo alikuwa anatengeneza programu ya simu kwa ajili ya wazee wasiojua kusoma. Aliiita Barazani. Haikuwa na maandishi madogomadogo yanayoumiza macho. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha za nyuso za ndugu. Mzee anagusa uso wa anayemtaka, ukurasa wa pili unafunguka, naye anazungumza maneno yake. Akimaliza anagusa kitufe kikubwa cha kijani kilichoko chini. Hapo ukurasa wa tatu unafunguka wenye picha ya ndege, na akimgusa yule ndege, sauti inaruka kwenda kwa mwenyewe. Kwa anayetaka kurudi nyuma palikuwa na mshale. Sila aliuweka chini, palepale ambapo kwenye ukurasa wa pili palikuwa na kitufe cha kijani, kwa kuwa hapo kidole kinafika bila taabu.

Kurasa zenyewe zilifunguka kama milango. Mwanzoni zilifunguka kufumba na kufumbua, lakini Frida akalalamika.

"Kaka, mbona kama mlango uliopigwa na upepo? Ufungue polepole, tuuone unavyozunguka. Na utie kivuli."

Sila alikuna kichwa, akasema mwendo wa polepole unachelewesha watu. Frida akang'ang'ania. Siku chache baadaye milango ikawa inafunguka taratibu, ina kivuli, inatoa hata mlio wa bawaba. Frida aliomba simu, akaenda kumwonyesha rafiki yake Gladness, nyumba ya tatu kutoka kwao.

"Jamani!" Gladness alisema. "Kama nyumba ya kweli!"

"Hiyo milango ni wazo langu," Frida akasema, akajiona yuko juu kabisa.

Kabla Sila hajaiweka programu ile kwenye simu za watu, alimwita mdogo wake akampa kazi.

"Nisikilize vizuri, Frida. Mimi niko chuoni wiki nzima, nina mitihani. Kaa na Babu. Mpe simu, kisha unyamaze. Usimsaidie, usimcheke, usimwelekeze. Tazama vidole vyake tu. Akikosea, ujue si yeye aliyekosea, nimekosea mimi. Halafu uniambie kila ulichokiona. Utaweza?"

"Kaka, kwani hilo ni la kuuliza?"

Frida alikaa na Babu, ndiyo, alikaa. Lakini Babu alikuwa na mwendo wake. Alishika simu kama mtu aliyepewa yai. Kila uso alioukuta, aliusimamia na kuusimulia. Huyu ni fulani, baba yake alikuwa na ng'ombe wengi, huyu tulichunga pamoja, huyu alioa akaachwa. Kidole kilining'inia hewani hadithi ikiendelea. Nje, Gladness alikuwa ameshaanza kupiga miluzi. Wenzao walikuwa uwanjani na mpira wa pete, na upande wao ulikuwa umepungukiwa mchezaji.

Frida akashindwa kuvumilia. "Babu, mbona rahisi tu. Ni kama mlango. Unagonga, unafunguliwa, unaingia. Basi."

Uso wa Babu ukang'aa. "Kama mlango! Ala, ungesema tangu mwanzo. Hilo nalijua."

"Haya, umeshaelewa," Frida akasema, akachomoka kama swala.

Sila alipopiga simu kumuuliza, Frida alikuwa bado ana vumbi la uwanjani miguuni. "Safi kabisa, Kaka. Amejaribu mara nyingi, hana shida."

"Ulitazama vidole vyake?"

"Nilivitazama."

Uongo ule ulitoka kwa wepesi hata mwenyewe hakuusikia. Haukumkosesha usingizi. Jumamosi Sila akaja, akaiweka Barazani kwenye simu ya Babu, akamtumia na Kefa ya kwake.

Kefa alikuwa binamu yao mkubwa, mbeba magunia katika soko la mahindi Kibaigwa. Kijijini kwao, ndani zaidi kutoka barabara kuu, mtandao haukufika. Kila jioni alipotoka sokoni alirudi na simu yake imejaa salamu za ndugu, akakaa kando ya kitanda cha bibi yake na kumsikilizisha moja moja. Bibi huyo aliitwa Debora. Alikuwa dada wa Babu Zablon, dada aliyembeba mgongoni alipokuwa mtoto, na alikuwa mgonjwa, haamki tena.

Kati ya hao wawili palikuwa na jambo. Zamani, mama yao alipofariki, aliacha ng'ombe mmoja mwekundu na neno kwamba ng'ombe huyo ni wa Debora. Babu Zablon, akiwa kijana mwenye kichwa kigumu, alimwuza bila kumwambia mtu. Dada na mdogo wake hawakusalimiana miaka mingi. Mwishowe wazee wa ukoo waliwapatanisha, mbuzi akachinjwa, watu wakala. Lakini siku ile Babu aliona haya kusema mwenyewe, akamtuma mtu amsemee. Bibi Debora aliitikia vizuri, ila alisema neno moja ambalo halikumtoka Babu moyoni.

"Nimekubali. Lakini kinywa cha mdogo wangu bado sijakisikia."

Sasa alikuwa kitandani, na Babu alikuwa na nyonga mbovu. Siku Kefa alipoleta habari kwamba hali ya bibi si nzuri, Babu aliwaomba wote watoke nje ya chumba.

"Nina maneno na dada yangu," alisema.

Frida alibaki nyuma ya pazia. Hakusikia maneno yote, maana mengine yalikuwa ya Kigogo cha ndani ambacho yeye alikijua kwa kuokoteza. Alisikia "mbukwenyi", ile salamu ya heshima. Alisikia neno ng'ombe. Halafu akasikia Babu akilia, mzee mzima, kwa sauti ya chini. Frida alirudi nyuma taratibu, kwa sababu hakuwahi kumsikia Babu akilia.

Baadaye Babu alitoka, macho mekundu, uso mwepesi. "Tayari," akasema. "Nimepiga hodi, mlango ukafunguka, maneno yameingia, mlango umejifunga. Sasa hata nikifa leo."

"Usife, mume wangu, nani atanitania?" Frida akasema, na wote wakacheka.

Jioni iliyofuata Kefa alipiga simu kutoka sokoni, malori yakivuma nyuma yake. Alitaka kuzungumza na Sila, ambaye siku hiyo alikuwa nyumbani. "Ndugu yangu, sauti ya Babu iko wapi? Za wengine zimefika zote. Bibi anauliza kila saa, 'Amesema?' Namwambia bado. Ananiuliza tena."

Sila akachanganyikiwa. Akamwuliza Babu kwa upole kama alituma, Babu akaapa kwamba alituma. Akamgeukia Frida. "Wewe ulimjaribu. Kuna mahali alikwama?"

Hapo palikuwa pa kusema kweli. Lakini Frida aliona aibu, akaona pia kwamba huenda kweli ni mtandao tu. "Hakukwama popote," akasema. "Labda mtandao wa huko."

"Basi ni mtandao," Sila akasema. "Msimwambie Babu kwamba haijafika, mtamtia presha bure. Nitaitafuta mpaka niipate."

Mchana mmoja Frida alikuwa anarudi na ndoo ya maji, akamwona Babu barazani ameshika simu. Alikuwa anamtumia dada yake salamu nyingine ndogo. Kwa mara ya kwanza Frida alisimama, akanyamaza, akatazama vidole.

Babu alimaliza maneno yake. Akagusa kitufe cha kijani, mara moja, kwa heshima, midomo yake ikisema "Hodi." Mlango ukaanza kuzunguka polepole na kile kivuli chake kizuri. Babu akangoja. Hakuona jibu. "Hodi," akasema tena, akagusa palepale. Lakini ukurasa mpya ulikuwa umeshaingia chini ya kidole chake, na palepale sasa palikuwa na mshale wa kurudi. Mlango ukageuka, ukaanza kurudi taratibu. Babu akangoja. "Hodi," akagusa mara ya tatu, mlango ukiwa haujamaliza kurudi na mshale ungali palepale, na programu ikamrudisha nyuma zaidi, mpaka kwenye nyuso. Sauti yake ilikuwa imefutika. Simu haikumwuliza kitu. Mlango ukajifunga kwa mlio wake wa bawaba, Babu akatabasamu, akaiviringisha simu ndani ya leso yake na kuitia mfukoni.

Ndoo ilimponyoka Frida, maji yakamwagika yote.

"Pole, mke wangu," Babu akasema. "Maji ni maji, yatatekwa mengine."

Frida aliinama akaokota ndoo. Alielewa kila kitu kwa mara moja. Yeye ndiye aliyeitaka milango iende polepole. Yeye ndiye aliyemwambia Babu ni kama mlango, na Babu, mtu wa hodi tatu, angefanya nini tena? Na yeye ndiye aliyesema, "Nilivitazama."

Jioni ile Sila alikuja nyumbani na kompyuta yake. Alikaa mezani, chai ikapoa mbele yake. Frida akapiga moyo konde, akamsogelea.

"Kaka."

"Naam." Sila hakuinua macho. "Unajua, Frida, namshukuru Mungu kwamba angalau wewe ulimtazama Babu. Bila hivyo ningeanza kupekua kila kitu upya. Ulitaka kusema nini?"

Frida akakitazama kikombe. "Nilitaka kuuliza kama nikupashie moto chai."

Alijiambia atasema kesho. Kesho akitoka shule atasema yote, tena atakaa na Babu, atamshika kidole chake mwenyewe wamguse yule ndege pamoja, na Kefa ataipata sauti jioni hiyohiyo. Ni siku moja tu. Siku moja ina nini?

Kesho yake alirudi mbio. Nje ya mlango alikuta viatu vingi visivyo vya kwao. Mama yake, ambaye saa hizo huwa kazini, kwenye jiko la hosteli ya wanafunzi, alikuwa ameketi mkekani na khanga kichwani, majirani wamemzunguka. Frida hakuhitaji kuambiwa. Alikaa palepale kizingitini.

Bibi Debora alikuwa amefariki alfajiri.

Babu alikuwa kwenye kiti chake, mikono juu ya magongo. Frida alipomsogelea, hakusema "mke wangu". Alisema tu, "Dada yangu ameenda, Frida. Lakini ameenda amenisikia. Mungu ni mwema, amenisikia."

Usinilaumu nikikuambia kwamba Frida alitamani kuyaacha mambo yaishie hapo. Hata mtu mzima angetamani. Uongo huo sasa ulikuwa blanketi la Babu, na nani anamvua mzee blanketi kwenye baridi?

Siku iliyofuata walikwenda mazikoni kwa gari la jirani, Babu amelazwa kiti cha nyuma na mito kiunoni. Daktari alikuwa amekataza, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia hivyo siku ile. Njia nzima Frida aliketi amejikunyata. Walipofika, Kefa alikuja kumshika Babu mkono. Alikuwa mtu wa miraba minne, lakini uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia.

Babu akamshika bega. "Kefa, mwanangu. Niambie. Alisemaje aliponisikia?"

Kefa akatazama chini. Sila akageuza uso. Mama akajifunika khanga mdomoni. Kila mtu alikuwa anatafuta neno la huruma la kumdanganya mzee, na Frida aliliona likija, akajua kwamba likishasemwa ataishi nalo maisha yake yote.

"Hakusikia, Babu!" alipaza sauti. "Hakusikia chochote. Sauti yako haikwenda. Ni mimi."

Alisema yote, akilia, maneno yakigongana. Alisema habari ya mpira wa pete, na ya milango ya polepole, na vidole ambavyo hakuvitazama. Alisema kwamba juzi, wakati bibi bado yuko hai, yeye alikuwa ameshajua, na bado akanyamaza.

Sila alimtazama kana kwamba hamjui. "Juzi?" akauliza. "Ulipokuja mezani? Frida, ulipokuja mezani ulikuwa unajua?"

Frida akaitikia kwa kichwa. Sila aliondoka, akaenda kusimama mbali, kwenye boma la mbuzi, mikono kichwani.

Babu aliliachia bega la Kefa. Aliomba magongo yake, akatembea polepole hadi mlango wa nyumba ya dada yake, ambamo mwili ulikuwa bado umelazwa. Watu wakampisha. Akasimama nje.

"Hodi," akasema.

Akangoja. Ndani wanawake waliacha kuimba.

"Hodi, dada."

Hakuna aliyethubutu kuitikia badala ya marehemu.

"Hodi."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Babu Zablon alipiga hodi ya tatu, hakujibiwa, na hakugeuka kurudi. Alisimama palepale mlangoni, akasema maneno yake kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya watu wote. Alisema habari ya ng'ombe mwekundu, na haya iliyomziba mdomo. Alisema, nisamehe. Wanawake walilia. Frida alilia mpaka akashikiliwa, kwa sababu baadhi ya maneno yale alikuwa ameyasikia nyuma ya pazia, na yalikuwa yamechelewa kwa siku moja.

Walizika mchana. Frida hakula. Jua lilipoanza kuinama, Babu alimwita, akamwonyesha kigoda aketi.

"Umenivua blanketi, mjukuu wangu," alisema. "Naona baridi. Lakini umefanya vema. Nisingependa kuzikwa na faraja ya uongo."

"Nisamehe, Babu."

"Nimekusamehe. Kusamehe si kazi kubwa, kazi kubwa ni kusema, hilo mimi nalijua kuliko wewe. Lakini nisikie. Sila alipokuambia unitazame, alikuazima macho yake. Ukamrudishia yakiwa yamefumba, ukamwambia yameona. Kosa hilo ni la utoto, ulikimbilia mchezo, ningelisamehe hapohapo nikacheka. Linaloniuma ni lile la pili. Ulijua, ukangoja kesho. Jioni ile dada yangu alikuwa hai, Frida. Kama una neno la kweli ambalo linaweza kumsaidia mtu, lipeleke leo, hata kama litakuaibisha. Mimi sikulipeleka miaka yote hii, nikitafuta siku nzuri ya kulisema. Tazama tulivyofanana."

Frida alilala miguuni pa Babu akilia, na Babu akaweka mkono wake mkavu kichwani mwake, akauacha hapo.

Sila hakuzungumza na mdogo wake siku kadhaa. Kisha Jumapili moja alikuja chumbani kwake na simu mkononi. "Na mimi nina langu," alisema. "Niliweka mshale wa kurudi mahali pabaya, na nikaacha sauti ya mtu ifutike bila kuulizwa. Nilitaka kazi iishe haraka. Twende kanisani, tukawatazame wazee wakiitumia."

Ibada ilipoisha, waliketi na wazee nje ya kanisa. Frida alimpa kila mmoja simu, akanyamaza. Loo, kumbe kutazama ni kazi! Aliona mzee mmoja akilamba kidole kwanza, kama anayefunua Biblia. Aliona bibi mwingine akigusa kwa ukucha, simu isisikie, akaanza kuinong'oneza kwa kuibembeleza. Aliona wengine wakigusa mara mbili, mara tatu, kwa sababu kioo kimekaa kimya. Hakucheka. Alimwambia Sila kila kitu, hata kile kilichoonyesha kwamba milango yake mizuri ilikuwa inasumbua watu.

Milango ikafanywa ya haraka. Sila akahakikisha kwamba mlango ukiwa bado unazunguka, kidole kikigusa tena hakihesabiwi. Mshale wa kurudi ukahamishiwa juu. Na mtu akitaka kurudi kabla ya kutuma, programu inamwambia kwa sauti, "Maneno yako bado hayajaenda. Unayaacha?"

"Bado kuna kitu," Frida akasema. "Mtu akipiga hodi, hapigi ya pili akisikia ameitikiwa. Simu nayo iitikie. Akigusa tu, iseme, 'Karibu.'"

Sila akauliza, "Kwa sauti ya nani?"

Walikwenda kwa Babu. Alikataa, akasema sauti yake imekauka, akasema watafute msichana wa redioni. Walimbembeleza mpaka akakubali. Alivua kofia yake ya sufu, akakohoa, akasema mbele ya simu, "Karibu." Alilisema vizuri sana, kama mtu anayemwona mgeni wake kwa mbali.

Kulikuwa na picha moja ambayo Sila hakujua aifanye nini. "Babu, uso wa Bibi Debora niutoe?"

"Uache."

Jioni ya siku hiyo Sila alikaa ndani, Frida akakaa barazani na Babu, akampa simu, akanyamaza. Babu alizitazama nyuso kwa muda mrefu. Hakusimulia hata mmoja. Kisha akamgusa dada yake, mara moja.

"Karibu," sauti yake mwenyewe ikamwitikia.

Kidole cha Babu kilinyanyuka tena, kikakaa hewani, kisha kikashuka taratibu mpaka gotini. Mlango ulifunguka. Babu hakurekodi kitu. Alikaa tu akiutazama ukurasa ule, machozi yakimtiririka bila kuyafuta, na Frida naye akatazama bila kusema neno, kama alivyoagizwa tangu siku ya kwanza.

"Umeona?" Babu akauliza baadaye.

"Nimeona, Babu."

"Basi kamwambie kaka yako ulichokiona."

Sila aliinua macho kutoka kwenye kompyuta. "Vipi? Safi?"

"Si safi kabisa, Kaka," Frida akasema. "Alinyanyua kidole mara ya pili, akasita. Nadhani 'Karibu' inachelewa kidogo."

Sila alifunika kompyuta yake. Kisha akamvutia kiti kando yake, akasema, "Kaa hapa. Nieleze vizuri."